Kuipa Raspberry Pi saa yake yenyewe

Umeme ukikatika saa mbili usiku mjini Gulu na kurudi saa kumi na moja alfajiri, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) iliyokuwa ikirekodi joto la friji ya chanjo huamka ikidhani bado ni saa mbili usiku. Haijui kwamba ilizimika. Intaneti ikiwepo, itauliza wakati mtandaoni na kujirekebisha baada ya muda mfupi. Isipokuwepo, itaendelea kuandika vipimo, kila kimoja na saa ya uongo, na zile saa tisa ambazo friji ilikaa bila umeme zitakuwa zimemezwa kwenye rekodi. Nazo ndizo saa ambazo mhudumu wa chanjo alihitaji kuziona kuliko zote.

Sababu ni rahisi. Kompyuta ya mezani ina betri ya kidonge kwenye bodi yake, na betri hiyo huendesha saa hata ikichomolewa ukutani. Raspberry Pi za kuanzia ya kwanza hadi Pi 4, pamoja na familia ya Zero, hazina saa hiyo. Badala yake mfumo hutumia programu iitwayo fake-hwclock, ambayo kila saa moja, na tena wakati wa kuzima kwa utaratibu, huandika wakati uliopo kwenye faili /etc/fake-hwclock.data. Kompyuta ikiwaka husoma faili hiyo na kuanzia hapo. Systemd-timesyncd, huduma inayouliza wakati mtandaoni, nayo ina faili yake ya namna hiyo. Zote mbili huzuia kompyuta isirudi mwaka 1970, ambako hesabu yake ya wakati huanzia, basi. Kujua muda uliopita ikiwa imezimwa haziwezi.

Kwa nchi ambako umeme na mtandao havikatiki, upungufu huu si kitu. Kwetu Uganda viwili hivyo huondoka pamoja: umeme ukienda, ruta inazimika nao, na ukirudi kompyuta huwahi kuwaka kabla ruta haijapata mtandao. Tena kuna nyakati mtandao wenyewe hauko nchi nzima. Intaneti ilipozimwa jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, ilirudi tarehe 18. Kifaa chochote kilichozimika na kuwashwa siku zile bila saa yake hakikuwa na pa kuuliza. Hata mtandao ukiwepo, baadhi ya ofisi na shule hufunga mlango wa UDP 123 ambao NTP, njia ya kompyuta kuuliza wakati mtandaoni, hupitia. Hapo unapata kompyuta yenye intaneti lakini yenye saa mbovu, na saa ikiwa nyuma sana, vyeti vya tovuti za https hukataliwa kana kwamba muda wake haujaanza, na apt, programu ya kusakinisha vifurushi, nayo hugoma ikisema orodha za vifurushi bado si halali. Mtu huhangaika siku nzima na mipangilio ya mtandao, kumbe tatizo ni kalenda.

Dawa ni moduli ndogo ya saa yenye betri, inayounganishwa kwa waya nne. Kuiunganisha ni kazi ya dakika kumi. Kinachohitaji akili ni mambo mawili: betri yake, na swali la nani amwamini nani kati ya moduli, kompyuta na mtandao.

Tuanze na chipu. Madukani Kampala na kwenye maduka ya mtandaoni utakutana zaidi na DS1307 na DS3231. DS1307 iache. Kwanza inataka volti 5 (chini ya 4.5 haifanyi kazi inavyotakiwa), na moduli zake nyingi zina rezista zinazoinua waya za mawasiliano hadi volti 5 hizo, ilhali pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Pili, inategemea kristali ya nje ya hezi 32,768 isiyojirekebisha kwa joto. Kristali za aina hiyo hukaa sawa karibu na nyuzi 25 na huchelewa kadiri unavyoachana na kiwango hicho, kwa takriban sehemu 0.034 katika milioni mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Kisanduku kilichofungwa chini ya bati Moroto au Arua kikifika nyuzi 50, hiyo ni sehemu 21 katika milioni, karibu sekunde 1.8 kila siku. Ongeza kasoro ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni hadi sehemu 20 nyingine, na unaweza kupoteza dakika moja na zaidi kwa mwezi.

DS3231 ina kristali ndani ya chipu yenyewe, na kila sekunde 64 hupima joto lake na kujirekebisha. Kosa lake halizidi sehemu 2 katika milioni kati ya nyuzi 0 na 40, na 3.5 nje ya hapo, kutoka -40 hadi 85. Sehemu 2 katika milioni ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Hufanya kazi kuanzia volti 2.3 hadi 5.5, kwa hiyo 3.3 za Pi zinaitosha. Kuna ndugu yake, DS3231M, isiyotumia kristali ya kawaida. Kosa lake ni hadi sehemu 5, yaani dakika mbili na nusu hivi kwa mwaka. Si mbaya, ila ujue unachonunua. Herufi hiyo M imeandikwa juu ya chipu kwa maandishi madogo. Piga picha kwa simu na uikuze.

Moduli ya DS3231 huja kwa sura mbili. Moja ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, yenye tundu tano, inayochomekwa moja kwa moja juu ya pini za Pi. Betri yake imelehemewa, kwa hiyo ikifa unahitaji fundi. Nyingine ni kubwa zaidi, imeandikwa ZS-042, ina kishikio cha betri ya kidonge na chipu ya pili ya kumbukumbu, AT24C32. Kwa kifaa kitakachokaa kijijini miaka kadhaa napendelea ZS-042, kwa sababu betri ya CR2032 utaipata kwa fundi saa yeyote na popote wanapouza betri za rimoti za magari. Lakini ZS-042 ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji.

Ndani yake kuna sakiti ya kuchaji betri: dayodi moja ya kioo na rezista ya omu 200, iliyoandikwa 201. Ilikusudiwa betri ya LIR2032, ambayo huchajiwa. CR2032 haichajiwi. Ukiipa moduli volti 5 huku ndani kuna CR2032, sakiti hiyo itaisukumia takriban volti 4.4 betri ambayo asili yake ni 3. Itavimba, itavuja, na inaweza kupasuka. Hata LIR2032 yenyewe haifurahii 4.4, maana kikomo chake ni 4.2. Ukiipa moduli volti 3.3 badala ya 5, baada ya dayodi zinabaki kama 2.7, na CR2032 nzima haichajiwi. Ila LIR2032 nayo haitachajiwa kamwe. Itaishiwa polepole, na siku moja saa itapotea ukidhani betri ni mpya.

Kwa hiyo ninashauri hivi bila kusita: weka CR2032, tumia volti 3.3, na bado uing'oe ile rezista ya 201. Fundi simu yeyote mwenye chuma cha kulehemu huitoa kwa nusu dakika. Ukifanya hivyo, mtu atakayekuja baadaye na kuhamisha waya mmoja kwenye volti 5 hataunguza betri. (Bado atahatarisha pini za Pi, kwa kuwa rezista za waya za mawasiliano hufuata volti ya VCC (pini ya umeme ya moduli), lakini angalau hapatakuwa na betri ya kupasuka ndani ya kisanduku cha plastiki.)

Kabla ya kuiweka, pima betri kwa mita. CR2032 mpya husoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Ikisoma 3.6 au zaidi, umeuziwa LIR2032. Ikisoma 2.8, imekaa sana dukani. Maisha yake hayatishi: DS3231 inapoendeshwa na betri hula takriban mikroampea 0.84, na kwa hali mbaya kabisa 3. CR2032 ina takriban miliampea-saa 220. Hata kwa hesabu ya hali mbaya, na kompyuta isiwashwe kamwe, hiyo ni miaka minane.

Sasa waya. Zima Pi na uchomoe umeme. VCC ya moduli iende pini 1 (volti 3.3), SDA (waya wa data) pini 3, SCL (waya wa mapigo) pini 5, na GND (ardhi) pini 6 au 9. Pini zilizoandikwa 32K na SQW ziache. Waya ziwe fupi, sentimita 20 zinatosha. Ukivuka nusu mita mawasiliano huanza kukatika ovyo, hasa karibu na inveta ya sola. Kwa moduli ndogo ya tundu tano, ichomeke kwenye safu ya pini 1, 3, 5, 7 na 9, alama ya jumlisha ikiwa kwenye pini 1. Ukikosea ukaichomeka safu ya pili, utakuwa umeipa volti 5 kwenye jumlisha na volti 5 nyingine kwenye waya wa data. Angalia mara mbili kabla ya kuwasha.

Vitu viwili hugombana na moduli hii. Cha kwanza ni kitufe cha kuzimia: wengi hukifunga kwenye GPIO3, ambayo ndiyo pini 5, ambayo ndiyo SCL. Hamishia kitufe pini nyingine. Cha pili ni kihisi cha mwendo MPU-6050, chenye anwani 0x68 sawa na DS3231. Unganisha pini yake ya AD0 na 3.3 ili kihamie 0x69.

Kwenye programu, fungua faili ya mipangilio. Kwa matoleo ya Raspberry Pi OS, mfumo wa Pi, kuanzia Bookworm, iliyotoka Oktoba 2023, faili iko /boot/firmware/config.txt, kwa ya zamani ni /boot/config.txt. Ongeza mistari hii:

dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Sakinisha vifurushi viwili ungali na mtandao, maana kuanzia Bookworm amri ya hwclock, inayosoma na kuandika saa ya moduli, imehamia kifurushi cha peke yake:

sudo apt install i2c-tools util-linux-extra

Washa upya, kisha andika sudo i2cdetect -y 1. Mahali pa 68 paonyeshe UU, maana yake draiva imeshaishika chipu. Ukiona namba 68 badala ya UU, waya ni sawa lakini mstari wa dtoverlay haujasomwa; huenda umehariri faili isiyo yake. Ukiona 57, usishtuke, hiyo ni ile chipu ya kumbukumbu ya ZS-042. Jedwali likiwa tupu kabisa, SDA na SCL zimebadilishana, au vichwa vya pini havikulehemewa vizuri. Kwenye dmesg, amri inayoonyesha taarifa za kuwaka, utaona maneno rtc-ds1307 1-0068: registered as rtc0. Usifikiri umeuziwa DS1307: draiva ni moja kwa familia yote, na jina lake ni la yule mkubwa.

Mara ya kwanza sudo hwclock -r itakataa na kulalamika kwamba thamani si halali. Hilo ni jambo jema. DS3231 ina alama inayowashwa kila mara saa yake inaposimama, na kerneli, kiini cha mfumo, hukataa kusoma wakati wa kubuni. Hakikisha wakati wa kompyuta ni sahihi, kisha:

sudo hwclock -w

Alama hufutika na saa huanza. Lalamiko hilo likirudi miezi baadaye, tafsiri yake ni moja: betri imekufa au imelegea kwenye kishikio.

Kama hakuna mtandao wa kuuliza, tazama simu yako na uandike kwa mkono, kwa mfano sudo date -s "2025-06-10 14:30:00", halafu hwclock -w. Na hapa pana mtego ambao ni wetu wasema Kiswahili. Moduli huhifadhi UTC, saa ya kimataifa. Saa ya Kampala iko mbele ya UTC kwa saa tatu, na saa tunayoitamka iko nyuma ya UTC kwa saa tatu. Saa tatu asubuhi, simu inasema 09:00 na moduli inasema 06:00. Zote zinasema kweli. Kwa hiyo ukikuta rekodi imepotoka saa tatu kamili, kanda ya saa haijawekwa. Andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala. Ikipotoka saa sita kamili, mtu aliandika saa kama anavyoitamka. Ikipotoka kwa kiasi kisicho na mpangilio, ndipo uishuku moduli.

Sasa lile swali la nani amwamini nani. Kompyuta ikiwaka, moduli iiambie kompyuta. Mtandao ukipatikana, mtandao uiambie kompyuta, na kompyuta iiambie moduli. Kamwe kompyuta isiyo na uhakika isiiandikie moduli. Ndiyo maana fake-hwclock lazima iondoke, kama ipo:

sudo apt remove fake-hwclock
sudo systemctl disable fake-hwclock

Amri ya pili ikisema hakuna huduma kama hiyo, ni sawa. Kisha toa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, zima kompyuta, chomoa, na uiache saa moja au mbili. Jaribio la dakika mbili halifai, kwa kuwa wakati wa kubuni ungekuwa karibu na wa kweli na ungekudanganya kwamba moduli inafanya kazi. Ukiwasha, andika date. Ikiwa sahihi, usiguse kitu. Ikiwa imebaki pale ulipoizima, fungua /lib/udev/hwclock-set na utafute mistari mitatu inayoangalia /run/systemd/system kisha kutoka. Weka alama ya # mbele ya kila mmoja, rudia jaribio.

Watu wengi huweka hwclock -w kwenye kroni (ratiba ya kazi za kompyuta) kila usiku wakiamini wanaitunza moduli. Wanaiharibu. Usiku ambao kompyuta imekosea, kosa hilo litaandikwa juu ya saa iliyokuwa sahihi, na kuanzia hapo kila kuwaka kutakuwa kwa uongo. Weka sharti, ndani ya kroni ya root:

[ "$(timedatectl show -p NTPSynchronized --value)" = yes ] && /usr/sbin/hwclock -w

Mtandao usipokuwa umethibitisha wakati, hakuna kinachoandikwa.

Chipu bandia zipo, na zilizong'olewa kwenye vifaa vya zamani zipo pia. Kuzitambua kwa macho ni kazi ngumu, zipime. Andika wakati sahihi kwenye moduli, zima kompyuta wiki nzima, kisha iwashe na mtandao na ulinganishe hwclock -r na date. Zima kwanza ule mstari wa kroni, usije ukasahihisha unachopima. DS3231 ya kweli itakuwa imepotoka sekunde moja na kidogo kwa wiki, au chini yake. Ikipotoka sekunde kumi, irudishe dukani.

Kwa maabara ya shule yenye kompyuta ishirini bila intaneti, moduli moja inatosha kwa chumba kizima. Sakinisha chrony, programu inayogawia kompyuta nyingine wakati, kwenye Pi yenye saa, na kwenye /etc/chrony/chrony.conf uongeze mistari miwili, ukiweka anwani za mtandao wenu:

allow 192.168.1.0/24
local stratum 10

Mstari wa pili huiruhusu kujibu hata ikiwa haijapata uthibitisho wa nje. Zielekeze kompyuta nyingine kwake, na zote zitakubaliana. Kwa maktaba ya shule isiyo na mtandao, au rejista ya mahudhurio, kukubaliana huko kuna thamani kuliko usahihi wa sekunde. Mahali ambapo usahihi wenyewe unatakiwa na intaneti haifiki, moduli ya GPS kama NEO-6M huleta wakati kutoka angani, mradi antena ione mbingu; DS3231 inabaki kuishikilia kompyuta hadi setilaiti zipatikane.

Wenye Pi 5 hawahitaji moduli. Saa imo ndani ya bodi, lakini betri haimo: kuna soketi ya pini mbili iliyoandikwa J5, na betri inayouzwa rasmi kwa ajili yake ni ML-2020, inayochajiwa. Kuchaji kumezimwa tangu kiwandani; huwashwa kwa kuongeza dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000 kwenye config.txt. Usiwashe hilo kama umeunganisha CR2032, kwa sababu ile ile ya rezista ya 201.

Moduli haitaiokoa kadi ya kumbukumbu inayoharibika umeme ukikatika ghafla. Hilo linataka betri kubwa au UPS, na ni kazi nyingine. Ila DS3231 itakupa kitu kimoja cha ziada bila malipo: kile kipima joto chake husomeka. Tazama chini ya /sys/class/hwmon penye jina ds3231. Namba utakayoiona ni nyuzi mara elfu moja. Inaweza kukosea hadi nyuzi tatu, lakini inatosha kukuambia kisanduku kinachemka na kinahitaji kivuli.

Ukimaliza, bandika karatasi ndani ya kifuniko: tarehe betri ilipowekwa, neno CR2032, neno "rezista imetolewa", na "saa imewekwa kwa UTC". Atakayekifungua baada ya miaka mitano huenda asiwe wewe.